Mshindi wa Wiki

Mwezi wa nane wa safari tulikuwa nchi ya tano, wanne kwenye chumba kimoja, na mume wangu bado alitusomea daftari la matumizi kila asubuhi baada ya chai. Nyumba yetu ya nyumbani tulikuwa tumeipangisha. Kodi yake, pamoja na ramani za majengo alizochora kwa kompyuta, ndizo zilizotulisha. Kila matumizi yaliandikwa na jina la aliyeyasababisha: mkate, wa wote; kandambili mpya, za mama. Aliyetumia kidogo kuliko wenzake kwa wiki nzima ndiye aliyechagua matembezi ya Jumapili.

Sheria hiyo niliitunga mimi, wala simsingizii mtu. Nilikuwa nimechoka kuwakatalia wanangu kila duka tulilopita, nikaona afadhali wajibane wenyewe. Nilijiona mjanja kweli.

Kitinda mimba wetu, binti wa miaka saba, tulimwita Chiriku kwa sababu ya domo lake. Alishinda wiki nne mfululizo. Kaka yake alinuna, akasema huyu mtoto anaishi kwa hewa. Mimi nilimsifu mbele ya wote.

Wiki ya tano maneno yakampungua. Ukimwita hageuki mpaka umguse bega. Nikadhani ni jeuri ya ushindi, nikamfokea, na siku moja nikamfinya. Najichukia mpaka leo kwa kumfinya kule.

Jumatano nikibadilisha mashuka nilikuta mto wake una doa la manjano linalonuka, na kona yake imechanwa, pamba imenyofolewa. Nikamwita. Sikio la kushoto alikuwa amelishindilia pamba hadi ndani.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu kule kwenye ghorofa." Ghorofa ilikuwa nchi iliyopita.

"Mbona hukusema, mama?"

"Daktari angeandikwa kwenye jina langu."

Baba yake alikuwa mezani na kazi yake. Alisimama bila hata kufunga kompyuta, akambeba, tukachukua teksi, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke kwetu hakuuliza bei.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alisafisha usaha, akachungulia, akampima kwa mashine, kisha akatutoa nje ya chumba sisi wazazi. Alisema ugonjwa umekula ndani, sikio hilo halitasikia tena, na lazima apasuliwe kesho yake kabla haujapanda kichwani. Miezi miwili nyuma, alisema, dawa ya matone ingetosha.

Mume wangu akauliza matone hayo ni bei gani. Sijui alitaka kujua ili iweje. Yalikuwa bei ya mikate mitatu.

Tulikaa na Chiriku kwenye benchi kungoja fomu, yeye katikati, akimtazama muuguzi aliyekuwa akikunja mablanketi. Baba yake akainama, akamwekea mdomo sikioni.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona; mimi niliyasoma midomoni mwake tu. Miaka kumi na miwili ya ndoa sijawahi kumwona akimwomba mtu msamaha.

Chiriku aliendelea kutazama mablanketi. Mume wangu alibaki ameinama vilevile, akingoja ajibiwe. Alikuwa amekaa kushoto kwake. Nilitaka kumwambia ahamie upande wangu, nikashindwa.