Mlinzi Aliyepewa Likizo

Bibi Kezia alipewa mpaka saa sita mchana kuthibitisha kwamba kitambaa chake cha vumbi hakiambukizi kompyuta. Akishindwa, basi, kazi ya usafi na chai kwaheri. Bwana Makarius, mkuu wa ofisi ya mgao wa chakula cha wakimbizi pale Kibondo, alikwisha andika barua ya kumfukuza. Aliiandika kwa mkono, maana mashine ya kuichapia ndiyo hiyo mgonjwa.

Iligoma Jumatatu, na orodha ya mgao imo tumboni mwake. "Ni virusi," akatangaza bosi, kwa sauti ile ile aliyotangazia kipindupindu kambini. Na kwa vile kipindupindu alikijulia dawa moja, akaamuru ndoo ya klorini iwekwe mlangoni. Anayeingia anawe mpaka viwiko. Watu wakanawa wiki nzima. Kompyuta haikupona.

"Basi ni kitambaa cha bibi. Kinatoka chooni, kinakuja kwenye mashine!"

"Cha chooni ni chekundu, bosi. Hiki cha bluu nafutia mashine na vikombe vyako tu."

Bosi akakitazama kikombe chake, akakiweka chini taratibu.

Kezia aliishia darasa la nne kwao Gwarama, lakini masikio anayo mawili, yote mazima. Kompyuta ile ilikuja na mlinzi wake wa ndani: ukiiwasha ikiwa na disketi chafu, yenye virusi, inalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Mwezi sasa hajausikia mlio huo. Akamfuata Twalibu, karani wa mashine, kijana wa Kasulu mjini.

"Mjukuu wangu, yule mpiga kelele mmempa likizo?"

"Shii, bibi! Bosi ndiye aliniambia nimzime. Eti anamkera."

"Mwamshe."

"Nitafukuzwa!"

"Sema bibi kizee kakulazimisha. Mimi barua yangu iko tayari, sifukuzwi mara mbili."

Saa sita kasoro dakika tano bosi akaja na barua mkononi, akinuka klorini. Twalibu akazima mashine, akawasha, akawahi kubonyeza kitufe kabla haijaanza kazi. Ukatokea ukurasa wa bluu. Akatafuta mstari wa kinga ya virusi, akaurudisha kwenye kuwashwa, akahifadhi. Mashine ikaanza upya.

Ikalia! Mpaka wauza ndizi barabarani wakageuka.

"Kuna disketi humu," Twalibu akasema, macho chini. Akaichomoa. Ilikuwa na lebo yenye mwandiko mnene wa kulala upande, pacha wa ule wa kwenye barua: MCHEZO WA KARATA. MALI YA MAKARIUS. ISIGUSWE.

Bosi akaikunja barua mara mbili, mara nne, mpaka ikaenea kiganjani.

Kezia akaiburuta ndoo hadi miguuni pa bosi, akapiga goti kama anavyosalimia wakubwa kwao.

"Karibu unawe, bosi. Mpaka viwiko."