Mkono juu ya Jeneza la Mfalme

Asubuhi ya sikukuu ya Mfalme Olav, miaka ishirini baada ya wakulima wa kwetu Trøndelag kumuua vitani, mapadri wanne kutoka Uingereza walilitoa jeneza lake kanisani na kuliweka mezani katikati ya uwanja wa baraza. Tulikuwa tumemuua kama adui. Sasa alikuwa mtakatifu wetu. Vipofu waliona kwa jina lake, na askofu humkata kucha kila mwaka, maana zinaendelea kuota.

Kesi ilikuwa moja. Eindride alimshitaki shemeji yake, Hallkjell, kwamba siku ya vita alishika shoka upande wa wakulima. Mashitaka yakithibitishwa, Hallkjell angepoteza shamba na Eindride angelipata. Ili kujitetea, Hallkjell alihitaji wanaume sita wa kuapa pamoja naye kwamba hana hatia, mkono juu ya jeneza. Mmoja wa mapadri alikuwa ameshatangaza: aliyempiga mfalme akiligusa, mkono wake utakauka.

Hallkjell alikuwa amepita nyumba hadi nyumba. Kila mahali alipewa bia na jibu lile lile.

“Ningekuja, jirani, ila mimi siku ile nilikuwa mlimani nakamua mbuzi. Mambo ya vita siyajui.”

“Na wewe pia? Mbuzi wetu hawajawahi kukamuliwa na wanaume wengi hivyo!” Hallkjell alimwambia wa mwisho.

Kwa hiyo alifika barazani na mkewe tu, Ragnfrid, ambaye ni dada yake Eindride.

“Shemeji!” Eindride alimwita mbele ya watu. “Mashahidi wako wapi? Bado wanakamua?”

Watu walicheka, ila si kwa sauti.

“Kimya,” alisema Gudleik, msimamizi wa sheria. “Kwa sheria yetu mshitaki ndiye anayetangulia. Eindride, weka mkono, uape kwamba ulimwona.”

“Nilimwona kwa macho yangu haya.”

“Mkono kwanza. Ulikuwa umesimama wapi?”

“Karibu.”

“Karibu na nani?”

Ragnfrid alimdakia kaka yake: “Gusa tu, kaka. Unaogopa nini? Shati ulilovaa siku ile nilikushonea mimi, na damu nikaifua mimi.”

Eindride alinyoosha mkono. Ulisimama juu ya kifuniko, kisha ukarudi.

“Bega linaniuma tangu mavuno.”

“Tumia wa kushoto.”

“Nao unauma, Bwana Gudleik.”

Gudleik aligeukia umati. “Nani mwingine alimwona Hallkjell vitani? Aje aape badala ya Eindride.”

Wanaume wote wa umri wa Hallkjell waliinamisha macho. Gudleik, ambaye naye ni wa umri huo, akatamka kwamba pasipo kiapo cha mshitaki hakuna kesi. Shamba lilibaki kwa Hallkjell, na hakuna aliyemtaka aguse chochote. Padri alisema mtakatifu ameonyesha huruma yake.

“Asante, shemeji,” Hallkjell alimwambia Eindride. “Pole na mabega.”

Ilibaki kulirudisha jeneza. Kulibeba ni heshima ya wakulima wenye mashamba yao, na Gudleik aliita wanne wenye kuitaka. Aliita tena; hakuna aliyejitokeza. Mvua ilianza kunyesha. Mapadri wale wale wanne wa Uingereza walilinyanyua na kulirudisha kanisani.