Mwenye Ndoto Hunyamaza

Jumapili ya kwanza Kinyozi alituchinja wote. Ndotoni, lakini alituchinja. Alisimulia akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa: ametupanga kwenye viti vyake, ametupaka povu mpaka masikioni, na wembe ukawa unapita shingoni kwetu mmoja mmoja bila hata kukwama. Mimi nilikuwa wa mwisho. Akasema damu yangu ilikuwa nyingi kuliko ya wenzangu, nikamwambia ahsante.

Tulikuwa watu watano, tukikutana kwenye duka langu la udobi kila Jumapili saa tisa alasiri, mlango wa mbele ukiwa umefungwa na mashine zimezimwa. Aliyetukusanya ni Mwalimu, mstaafu, mteja wangu wa mashati meupe, aliyekuwa na kitabu kinene cha uchambuzi wa nafsi kilichoandikwa kwa lugha ambayo kati yetu yeye peke yake aliisoma. Alitutafsiria kwa mdomo kurasa kumi kumi, kisha mmoja wetu anatoa ndoto na sisi tunaipasua. Kinyozi alikuja kwa sababu hawezi kukaa mahali ambapo watu wanaongea bila yeye. Nesi, wa wodi ya majeruhi, alikuja kwa sababu usingizi ulikuwa umemtoroka. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, nilimleta mimi. Alikuwa akifanya kazi kwangu, kukunja na kupiga pasi, na nilikuwa nimechoshwa na ukimya wake. Mimi mwenyewe nilikaa kwa sababu duka ni langu, na mtu hawezi kukaa kwangu akasema mambo nisiyoyasikia.

Mwalimu alitupa sheria, tukazipenda kama watoto wanavyopenda mchezo mpya. Yanayosemwa humu hayatoki. Ndotoni hakuna mgeni: kila unayemwona huko, awe mwizi, awe mbwa, awe marehemu, ni wewe mwenyewe umevaa nguo nyingine. Na mwenye ndoto, akishasimulia, hunyamaza mpaka wote tumalize kumfasiria. Akikana, kukana kwake ni ushahidi. "Mtu hupiga kelele pale panapouma," Mwalimu alisema. Kwa sheria hiyo hatukuwahi kukosea hata siku moja. Mtu akisema ndiyo, tumepata. Akisema hapana, tumepata zaidi.

Mwezi wa tatu ikawa zamu ya wifi. Alisimulia huku anakunja foronya, macho kwenye foronya.

"Nimeota niko jikoni. Anaingia mwanamume. Ana bomba la chuma, lile la maji, lina koki mwishoni. Ananipiga mgongoni. Nikianguka ananipiga mapajani. Kichwani hapigi. Anasema kichwa kinaonekana."

"Uso wake?" Mwalimu aliuliza.

"Sikuuona."

"Anakupiga na mkono gani?" Nesi aliuliza.

"Mwenye ndoto ameshamaliza," Mwalimu alisema. "Sasa ananyamaza. Tuendelee."

Kinyozi akaanza na bomba, na mnajua wenyewe aliliona bomba kuwa kitu gani, akacheka peke yake. Mwalimu akasema jiko ni tumbo la mama. Halafu nikasema mimi. Nilisema, "Huyo mwanamume ni wewe mwenyewe, wifi. Una hasira na mwili wako. Pengine kwa sababu hujazaa." Nilisema hivyo mbele za watu, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nayasema haya ili mnijue.

Wifi akaacha foronya. "Siyo mimi," alisema.

"Kakana!" Kinyozi akapiga makofi. "Mmemsikia? Kakana!"

Basi akanyamaza.

Sasa niseme nilichokijua. Mimi ni dobi wa miaka ishirini na mbili. Nguo haiwezi kunidanganya. Mchuzi, kutu, damu ya mwezi, damu ya pua, damu ya mtu aliyejikata, yote nayatofautisha kabla sijaiweka nguo kwenye beseni. Mdogo wangu alikuwa fundi bomba, na nguo zake nilimfulia bure kila wiki. Kwa miaka miwili nilikuta damu kwenye mikono ya mashati yake na magotini mwa suruali. Nilijiambia fundi bomba hukwaruzika. Lakini damu ya mtu aliyejikata hutoka ndani ya nguo ikaja nje. Ile ilikuwa imetoka nje ikaingia ndani, na mara nyingi imetapakaa kwa matone madogo madogo, kama mtu aliyesimama karibu na kitu kilichopasuka. Niliiloweka kwenye maji baridi na chumvi, nikaisugua, nikaianika, nikampigia pasi, nikamkunjia vizuri.

Mtaniuliza kwa nini. Baba yetu alikuwa akipiga kwa mkanda upande wa chuma. Siku moja nilivunja redio yake. Mdogo wangu, ana miaka saba, akasema ni yeye. Alipigwa mpaka jino likatoka na kubaki kwenye sakafu, na mimi nilikuwa chini ya kitanda nalitazama lile jino. Mtu aliyekulipia namna hiyo humwoni kuwa mbaya. Hata ukioneshwa, humwoni.

Jumatano baada ya ile ndoto mdogo wangu alikuja dukani kuchukua nguo zake. Wifi alikuwa uani anaanika. Nikamwambia, kwa utani, "Mkeo anakuota, mdogo wangu. Anaota mtu ana bomba anamtwanga jikoni." Nilijidanganya kwamba namwonya kwa upole, ajue kuna watu wanasikia. Ukweli ni kwamba nilitaka aniambie siyo yeye.

Alicheka. "Hata ndotoni hapumziki?" alisema. Ikawa kama mzaha mzuri, nami nikacheka naye. Akauliza nani na nani walikuwapo, nikamtajia. Akabeba mfuko wake, akaniambia, "Ubarikiwe, dada," akaondoka.

Jumapili wifi hakutokea saa tisa. Mimi nilikuwa namalizia shuka za hoteli, pasi kubwa ya mvuke imepamba moto, na Mwalimu anasoma ukurasa wake. Saa tisa na nusu mlango wa uani ukafunguka. Aliingia akiwa amebeba mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Mdomo ulikuwa umevimba, meno mawili ya mbele hayapo, damu imeshuka mpaka kifuani. Safari hii kichwa hakikuachwa. Akaenda kukaa kwenye kiti chake cha siku zote.

"Nimeota," alisema. Sauti ilikuwa inapita kwenye lile pengo. "Nimeota ananiuliza nimesema nini kwa dobi. Nimeota namwambia sijasema kitu. Nimeota mkono unavunjika, nausikia."

Mwalimu, Mungu amsamehe, alikuwa ameshafungua daftari. Kinyozi alisema, "Mkono, kwa kawaida, mkono wa kushoto ni..."

"Nyamaza, mpumbavu wewe!" Nesi alikuwa ameshapiga magoti, anachana ule mkono wa gauni kwa mkasi wangu. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, mweupe, una ncha. "Leteni ubao! Leteni kitambaa! Mnaandika nini?"

Nilikuwa nashika kitambaa pale mlango ulipopigwa teke.

Mdogo wangu aliingia na bomba. Lilikuwa na koki mwishoni, kama lilivyosimuliwa. Alikuwa amevaa shati nililompigia pasi Jumanne. "Samahani, dada," alisema, kwa adabu kabisa, "nimekuja kumchukua mke wangu."

Kinyozi, na hili nitamheshimia mpaka kufa kwangu, ndiye aliyesimama kwanza. Akanyoosha mikono akasema, "Bwana, tuzungumze." Bomba lilimpata kwenye mtulinga. Lilitoa mlio mkavu, akaanguka juu ya ndoo zangu na kuanza kulia kama mbwa aliyekanyagwa na gari. Mwalimu aliingia katikati ya shuka zilizotundikwa, tukawa tunaona viatu vyake tu. Nesi alimlalia wifi kwa mwili wake wote. Mdogo wangu akampiga Nesi mgongoni, mara moja, mara mbili, kwa utaratibu, kama fundi anayegonga bomba lililoziba. Mara ya tatu Nesi akatapika juu ya nywele za wifi, lakini hakutoka.

Nikachukua pasi.

Waya wake ulifika. Niliibandika kwenye shavu lake na nikaikandamiza kwa mikono miwili, kama ninavyokandamiza ukosi wa shati. Ngozi ikashika chuma. Harufu ilinijia kabla ya sauti, halafu akapiga kelele, "Dada!" Alikuwa akiita vilevile alipokuwa na miaka saba. Nilimsikia. Nikasogeza pasi juu zaidi, mpaka kwenye jicho.

Bomba lilianguka, nikaliokota. Nilimpiga goti moja, nikampiga la pili, nikampiga vidole vilivyokuwa vinatambaa sakafuni kutafuta kitu cha kushika. Aliacha kuita dada akaanza kumwita mama. Ningeweza kuwaambia kwamba nilikuwa nampiga baba. Mwalimu angefurahi, kitabu chake kimejaa mambo hayo. Lakini sikumwona baba. Nilimwona mdogo wangu, nikampiga mdogo wangu, na niliona raha. Kila pigo lilikuwa linanipa pumzi.

"Unamuua!" Nesi alikuwa amening'inia kwenye mkono wangu. "Unamuua, dobi!"

"Najua," nilimwambia.

Hakufa. Jicho moja limekwenda, na magoti madaktari wanasema yatamfikisha chooni na kurudi, basi. Mama alinikuta kituo cha polisi siku ya pili. Hakuniuliza kama nimekula. Alisema, "Umemtoa mwanangu jicho kwa ajili ya mtoto wa watu." Kisha akashusha sauti. Alitaka niseme pasi ilishikwa na wifi. Wifi hana watoto, hana ndugu hapa, yeye ni wa kuja na wa kuondoka, na damu ni nzito kuliko maji. Mdogo wangu kitandani alikuwa ameshaanza kusema hivyohivyo.

Nilimjibu mama kwamba damu naijua kuliko yeye. Ndiyo mara ya kwanza maishani nimemkosea adabu. Nikamwita askari, nikamwambia aandike. Pasi ni mimi, bomba kwenye magoti ni mimi, na kabla ya hapo nguo za miaka miwili, mimi vilevile. Yule askari alikuwa anaandika polepole, na mara mbili alisimama akanitazama. Siku ya nne wakaniachia kwa dhamana nikisubiri kesi.

Kutoka kituoni nilikwenda moja kwa moja hospitali, sijaoga. Njiani nilikuwa najiona mtu. Msinicheke. Nilikuwa nimemtia ndugu yangu kilema kwa ajili yake, nimemkana mama, nitafungwa. Nilidhani atanishika mkono.

Wifi alikuwa amelala kwenye wodi ya Nesi, mkono umefungwa plasta mpaka begani. Nilivuta kiti.

"Nani alimwambia?" aliuliza. Hata salamu hakunipa.

Jibu nilikuwa nalo. Kinyozi. Kila mtu anaujua mdomo wa Kinyozi, na mwenyewe alikuwa wodi ya tatu na mtulinga wake, angekataa nani angemwamini? Wifi angemchukia, kisha chuki hiyo ingemtoka, nami ningebaki yule mwenye pasi, aliyemwokoa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mimi," nilisema.

"Lini?"

"Jumatano. Alikuja kuchukua nguo."

Akatazama dari. Nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anahesabu siku.

"Jumatano nilimpikia," alisema. "Alhamisi nilimpikia. Ijumaa alinishika kiuno usiku, nikamwachia, nikasema leo ana moyo mzuri. Jumamosi nilimwosha miguu." Alikuwa anaongea polepole kwa sababu ya mdomo. "Siku zote hizo anajua. Na wewe unajua kwamba anajua. Tulikuwa wote kazini, wifi. Tulikunja shuka za hoteli, wewe umeshika ncha zako, mimi zangu. Kila shuka tulikutana katikati."

"Nilidhani hatafanya kitu," nilisema.

"Hukudhani hivyo."

Kweli, sikudhani hivyo. Nilikuwa nimekunja naye shuka arobaini nikimtazama usoni, nikingoja kuona itakuwaje. Nilianza kulia, na nikaona aibu kulia pale, kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa amelala macho makavu.

"Niliyasema nje mara moja tu," alisema. "Nilichagua kwako."

Nikauliza kama kuna chochote anachotaka, maji, uji, chochote.

"Niitie Nesi," alisema. "Na wewe usirudi."

Nikaenda kumwita Nesi.