Namba ya Juu Kutoka Usenge

Walter alipoileta ile gemu nyumbani Nyalenda, Kisumu, mwaka wa tisini na sita, alianza kuilalamikia kabla hajamaliza kuisifu. Haina taa ndani, alisema, stima ikipotea mtu anabaki ameshika plastiki tupu. Tena inamaliza betri haraka, na betri zenyewe haziwezi kuchajiwa. "Ingekuwa na taa, Mama Perez, na betri ya kuchaji kama ya gari, hakuna mtu angeniona kazini tena," alimwambia mkewe, kana kwamba mkewe ndiye aliyeitengeneza akasahau.

Ilikuwa gemu ya mkono, ya rangi ya kijivu, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Matofali madogo yanaanguka kutoka juu, mchezaji anayageuza na kuyapanga, mstari ukijaa unafutika na namba inapanda. Matofali yakifika juu, umekwisha. Ukiiwasha upya, kitu cha kwanza inachokuonyesha ni namba kubwa kuliko zote zilizowahi kufikiwa. Hiyo peke yake ndiyo kumbukumbu yake.

Dorca, mkewe, hakuwa na haja na matofali. Alikuwa na kioski cha maji, na kuanzia alfajiri mitungi ilikuwa imepangwa mbele yake mpaka kwenye kona. Lakini macho alikuwa nayo. Ijumaa moja Walter alipoiwasha, Dorca akaona tisa elfu mia nane, na chakula kikamtumbukia nyongo.

Hapa lazima mambo ya nyumba hiyo yasemwe. Walter alikuwa karani wa mizani wa kampuni moja ya samaki. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa Usenge, ufukweni mwa ziwa, akipima mbuta, na wikendi alikuwa Kisumu kwa Dorca. Huko Usenge alikuwa na mke wa pili, Adero, miaka sita sasa. Dorca alikuwa na wivu naye, wivu mzito usiokwisha kwa maombi wala kwa usingizi, na jina lake hakulitaja. Alisema "kule" tu, na kila mtu wa nyumba hiyo alijua "kule" ni wapi.

Sasa Jumapili iliyotangulia Walter alikuwa ameondoka na elfu mbili mia nane, tena baada ya kucheza siku nzima akitukana. Na amerudi na tisa elfu mia nane.

"Nani alifika hapa?" Dorca akauliza.

"Nani mwingine? Ni mimi," Walter akajibu akijipapasa kifua. "Hiyo siku mkono ilikubali."

Mkono ulikubali kule. Kwangu unakataa, Dorca akajiambia. Kwangu anacheza huku akiambiwa paa linavuja, na kule amewekewa kiti penye upepo, ameondolewa viatu, hakuna anayepita mbele yake mpaka amalize. Alikiona kile kiti waziwazi, alijua hata rangi ya kitambaa chake, ingawa hakuwahi kufika.

Na wivu huo ulikuja wakati mbaya. Kampuni ilikuwa imesema kila karani achague kituo kimoja kabla ya mwisho wa Agosti, Usenge au Kisumu, mambo ya kwenda na kurudi yakome. Kila Dorca alipouliza, Walter alijibu kwamba bado anafikiria. Lakini Dorca hakuona tena sababu ya kungoja jibu. Mwanamume ambaye mkono wake unatulia kule, kule ndiko atakakohamia. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kioo cha gemu.

Basi Jumapili Walter alipokwenda kutazama mpira, Dorca aliufunga mlango akaitoa ile gemu mkobani. Nia yake haikuwa mchezo. Alitaka namba ya Kisumu iwe kubwa kuliko ya Usenge, Walter aibebe mkobani, na yule wa kule aione kwa macho yake. Jumapili ya kwanza alifika elfu moja, ugali ukaungua. Ya pili akafika sita. Jumapili ya tatu watu walibisha dirishani wakitaka maji, yeye kimya, meno yameuma mdomo, na matofali yalipomshinda namba ilikuwa elfu kumi na moja mia nne.

Jioni Walter aliiwasha akakodoa macho. "Kumi na moja! Kumbe jana nilifika huku?" Akacheka, akajisifu kwa dirisha maana hapakuwa na mwingine wa kumsifu. Dorca akameza maneno yake. Yake au si yake, namba ilikuwa inakwenda kule, na hilo ndilo alilolitaka.

Ijumaa ikarudi na elfu kumi na tano mia mbili.

Dorca hakula siku mbili. Jumanne asubuhi alimwachia Nasipwondi, jirani yake, ufunguo wa kioski, akasema anakwenda kununua omena, dagaa wa ziwa, kwa bei ya ufukweni, akapanda basi la Usenge. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Maneno mengine yalikuwa mazuri mno, na ilimsikitisha kwamba atayatumia mara moja tu.

Nyumba hakuipata kwa shida. Omena ilikuwa imeanikwa mbele yake juu ya nyavu kuukuu, na pembeni, juu ya mkeka, aliketi Adero. Alikuwa amelipa jua mgongo na kuinamisha kichwa, maana kioo cha ile gemu hakionekani bila mwanga wa kutosha wala kwenye mwanga uliozidi. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Kunguru walikuwa wakila omena hatua tatu kutoka alipoketi, naye hakuwaona.

Kivuli cha Dorca kilipoangukia kioo, Adero aliruka akasimama. "Mikayi," alisema, kwa jina la heshima la mke wa kwanza. "Karibu. Sikukuona. Ngoja nilete kiti."

Kiti kilikuwa cha mbao, kimelegea mguu, hakina kitambaa. Dorca alikikalia akakiangalia vizuri kuliko alivyomwangalia mwenyeji wake.

"Kwani hiyo gemu anakuachianga?" akauliza.

"Anaiacha hapa asubuhi akienda mizani. Akirudi giza imeingia na hii kitu haina taa. Anakula, analala."

"Na hiyo elfu kumi na tano?"

Adero alijiinamia. "Ni mimi, Mikayi. Nisamehe."

Yale maneno yote ya basini yakamtoka Dorca kichwani.

"Mwanzo nilikuwa nacheza tu," Adero aliendelea. "Hii nyumba ni kimya, na mtoto bado sijapata. Halafu siku moja akakuja na kumi na moja na mia nne. Akasema ameifunga kwako. Hiyo siku sikulala. Nikasema, kumbe kwa Mikayi, mzee anatulianga hivi, anakaa chini mpaka anafika kumi na moja. Hapa kwangu hata kiti hapashi moto. Nikasema hiyo namba ya Kisumu lazima niitoe, sitaki kuiona kwa nyumba yangu. Omena ikanyeshewa mara mbili juu ya hiyo maneno."

Cha kwanza alichokisikia Dorca moyoni hakikuwa huruma. Ilikuwa raha tamu, ya aibu, ya kujua kwamba mtu amekosa usingizi kwa ajili yake. Aliiacha ikae kidogo. Kisha akasema, "Hiyo kumi na moja ilikuwa yangu."

Wakatazamana. "Na alikwambia ni yake?" Adero akauliza.

"Na yako pia alisema ni yake. Alijipapasa kifua."

Adero alianza kucheka, akauziba mdomo kwa mkono, lakini Dorca naye alikuwa ameshaanza. Walicheka mpaka kiti kikalia. Wiki zote hizo Dorca aliamini kuna mtu Usenge anayeshinda kutwa akiiwaza nyumba yake ya Nyalenda, na kweli alikuwepo. Ila hakuwa Walter.

"Ningekuwa ni mimi naitengeneza," Adero alisema akiifuta gemu kwa leso, "ningeweka mahali pa namba mbili. Hii inakumbuka tu mmoja. Mtu akikupita, ni kama hukuwahi kucheza."

"Na jina," Dorca akasema. "Ingekuwa inaandika jina, mimi singepanda basi."

Siku hiyo mbuta walikuwa wachache, na Walter alipopanda kutoka ufukweni mapema, saa saba mchana, mikono inanuka mbuta, aliwakuta wake zake wawili mahali pamoja, akasimama kama mtu aliyesikia jina lake mahakamani. Hakuulizwa kitu, lakini akajibu. Alisema barua ameshaandika. Amechagua Kisumu, ofisini kuna kiti na feni, na mgongo wake umechoka na mizani. Huku atakuwa anafika mwisho wa mwezi, nafasi ikipatikana.

Kiti na feni. Dorca alikuwa ameshinda, na aliyeshindaniwa hakujua kwamba kuna mashindano. Adero hakulia. Alikusanya vikombe, akavisuuza, na wakati wa basi alimsindikiza Dorca mpaka stendi akampa gemu imefungwa kwenye leso.

"Ni ya mzee, na mzee sasa ni wa kule," alisema. "Lakini usinipite haraka, Mikayi."

Dorca hakuahidi. Na asisingiziwe wema, kwani mwezi mzima wa Septemba alijaribu kumpita. Alifika kumi na tatu, akafika kumi na nne kasoro, akairusha gemu kitandani. Wivu haukuwa umeondoka, ila sasa alivionea vile vidole vya Adero. Walter kila jioni alikuwa nyumbani, amelala kwenye kochi na redio kifuani, na Dorca alimruka miguu akienda dirishani penye mwanga.

Jumapili moja ya Oktoba Walter alileta wageni wawili wa kazini, Laban na Wakoli. Baada ya kula akaitoa gemu, akaiwasha, akaipitisha mkono hadi mkono.

"Kumi na tano elfu mia mbili," alisema. "Hiyo niliifunga nikiwa Usenge. Huwezi kufika hapo kama hujui hesabu. Nileteeni mtu wa kunipita."

Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Dorca alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Miaka sita jirani wa Nyalenda wakiuliza Walter analala wapi katikati ya wiki, aliwajibu kwamba kampuni ina nyumba. Akinyamaza na leo, namba ni ya Walter, na yule wa kule hakuwahi kucheza, hakuwahi hata kuwepo. Ndivyo alivyokuwa akiomba kwa Mungu miaka yote hiyo. Akaiweka chupa mezani.

"Hiyo si yako," alisema. "Wewe elfu tatu inakushinda. Hiyo ni ya Adero."

Walter akanyosha mkono kuichukua gemu. Laban alitazama ndani ya kikombe chake. Wakoli alikuwa mgeni pale kazini, hakuyajua mambo ya nyumba za watu, akauliza Adero ni nani.

"Ni mke mwenzangu," Dorca akasema. "Anakaa Usenge." Kisha akammiminia chai.