Kikomo cha Marudio

Bahizire alikuwa anapandisha kikomo cha marudio kutoka mia tano hadi elfu mbili wakati Candide alipoingia, akasalimia, akaketi kwenye benchi kando ya mashine ya kuchapia mabango. Bango lilikuwa la ukoo wa mumewe. Lilitakiwa Jumamosi.

Wachapaji wengine wa mtaa wa Kinama huweka maua na njiwa nyuma ya jina la marehemu. Bahizire aliweka hesabu. Alikuwa amejifunza peke yake baada ya kuvuka mpaka kutoka Uvira, kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na kurasa za mwanzo na kwa daftari alimoandika kila alichojaribu. Programu yake huchukua nukta moja, huiingiza kwenye hesabu, jibu hulirudisha kwenye hesabu ileile, na kuendelea hivyo. Nukta zinazokimbia mbali hupewa rangi kulingana na haraka yao. Zisizokimbia, hakuna ajuaye kama zitakimbia baadaye. Mashine haiwezi kungoja milele, kwa hiyo mtu huiwekea kikomo. Nukta ikifika hapo bado imo, hupakwa rangi nyeusi na kazi husonga mbele. Hapo hutokea maumbo kama mawimbi, na ndani ya kila wimbi mawimbi mengine madogo, hata ukikuza siku nzima.

Candide alikuwa ameomba kitu kinachofanana na maji. Picha ilijichora mstari kwa mstari kutoka juu. Mahali palipokuwa na doa jeusi asubuhi, sasa palikuwa na mtu, mdogo kama punje ya mchele. Bahizire akamkuza. Alivaa ovaroli ya buluu, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na aliwapa mgongo, kando ya safu ya mikalitusi.

"Huyo ni Sylvère," Candide akasema.

"Iko anatembea," Bahizire akasema.

"Amekonda. Lakini mfuko wa nyundo yuko nao."

Sylvère, mume wa Candide, alikuwa fundi wa kuchomelea. Miaka sita iliyopita, siku ya Jumanne, wanaume waliokuja na gari lisilo na namba walimuulizia kwa jina kwenye karakana yake, wakasema ni shauri la dakika kumi. Ofisi zote alizozunguka Candide zilimwambia jina hilo halimo kwenye orodha. Hospitali zilimwambia hivyo hivyo. Mwili haukuonekana, kwa hiyo hapakuwa na kilio. Na kwa kuwa hapakuwa na kilio, Candide na binti yake Ingrid waliendelea kukaa Carama, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga Sylvère kwenye kiwanja cha baba yake. Katika ukoo ule, mali ya mtu haizungumzwi mpaka kilio chake kifungwe kwa karamu, ambayo mjini watu wanaiita levée. Sasa ukoo ulikuwa umechoka kungoja.

Valéry, mdogo wake Sylvère, alifika kuangalia kazi imefika wapi. Aliinama mbele ya kioo cha kompyuta, mikono magotini.

"We Bahizire, hizi nywele nyeupe umemuwekea we?"

"Apana. Zimekuja zenyewe."

"Ni za baba, hizo. Baba alizeeka mbio." Aliangalia zaidi. "Na huyu hajawahi kutembea na haraka hivi. Akitumwa chumvi, tulikuwa tunakula chakula bila chumvi."

Candide alicheka kidogo. Valéry naye alicheka, akajinyoosha.

"Bon. Weka tarehe."

Bango lilikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Baada yake palikuwa na kistari, na baada ya kistari hapakuwa na kitu.

"Tarehe gani?" Bahizire akauliza.

"Ile walimuchukua."

"Ile siku alikuwa muzima," Candide akasema. "Alikunywa chai, akalalamika haina sukari."

"Mutu hawezi kukufa bila tarehe, shemeki."

"Basi hajakufa."

"Mi nimekataa? Si huyu hapa, tunamuona." Valéry alisema kwa upole. "Lakini wazee walishaalikwa. Hema lilishakodiwa. Nitawaambia nini, ngojeni kompyuta imalize?"

Valéry akaligusa lile umbo dogo kwa ukucha.

"Asubuhi hapa palikuwa peusi. Ulifanya nini?"

"Niliongeza kikomo."

"Basi punguza. Rudisha ile ya asubuhi. Maandishi meupe yanasomeka vizuri kwenye nyeusi."

Bahizire alisema kwamba nyeusi haina maana ya kuwa hakuna kitu. Maana yake ni kwamba kuhesabu kulisimamishwa. Valéry alisema anaelewa, na kwamba kila kitu lazima kisimamishwe siku moja. Bahizire akamgeukia Candide.

Candide alikuwa anaangalia mikono yake. Wazee walimwambia tangu mwezi uliopita kwamba levée itafanyika, akiwepo au asiwepo.

"Fanya," akasema. "Lakini faili usifute."

Bahizire aliandika mia tano. Picha ilijichora upya, na Sylvère akawa doa. Juu ya doa ikaandikwa tarehe ya Jumanne ile, na mashine ikaanza kuchapa.

Jumamosi bango lilifungwa kwenye nguzo za hema kule Carama. Watu walikunywa bia, mchungaji akasoma, watoto wakafukuzwa wasikaribie sufuria. Dorothée, shangazi wa Sylvère, alimsogelea Candide na sahani yake.

"Nasikia iko anatembea. Amefika wapi?"

"Alikuwa anapita kando ya mikalitusi."

"Aa, basi si mbali."

Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye kiti chake, na sala ya kumwombea marehemu pumziko la milele ilipoanza, aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wengine. Kisha mzee wa ukoo akasimama. Alishukuru waliokuja, akatangaza kwamba kilio kimefungwa, kwamba kiwanja kinarudi kwenye ukoo chini ya Valéry, na kwamba mama Ingrid amepewa wiki mbili za kujipanga. Watu walipiga makofi, kwa sababu mzee alikuwa amesema vizuri.

Candide alipata chumba Buterere, upande wa mashamba ya mpunga, mahali ambapo maji huingia ndani mvua ikizidi. Siku ya pili baada ya kuhama alifika kwa Bahizire na viatu vya matope na kuketi kwenye benchi lile lile. Bahizire alifungua faili, akaandika elfu kumi, na wote wawili wakangoja.

Sylvère alikuwa amekwisha kuipita mikalitusi. Mbele yake palikuwa na mfereji, na ng'ambo ya mfereji njia ya udongo mwekundu.

"Njia ya kwetu," Candide akasema. "Anaenda nyumbani."

"Ndiyo."

"Valéry ameshabadilisha kufuli."

Candide akamgeukia Bahizire.

"Unaweza kumwambia tumehama?"

Bahizire alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyofikiri mambo yote. Katika hesabu ile hapakuwa na nafasi ya maneno. Palikuwa na namba tu. Lakini namba moja, ile inayoongezwa kila marudio, ikisogezwa kidogo sana, tarakimu ya nane baada ya nukta, maumbo yote hupinda kidogo, na njia zilizomo hupinda pamoja nayo. Ikizidishwa, kila kitu huvunjika.

"Buterere iko upande gani kwake?" akauliza.

Candide aliweka kidole chini ya kioo, pembeni kabisa.

Walifanya kazi mpaka jioni. Kila badiliko lilichukua karibu nusu saa kujichora. Mara mbili umeme ulikatika, na mara mbili alianza upya kutoka namba aliyoiandika daftarini. Kwenye jaribio la tisa, njia ya udongo ilikuwa imepinda upana wa kucha. Sylvère bado alielekea Carama.

"Kesho nije saa ngapi?" Candide akauliza.

"Saa mbili. Tutaanzia kwenye la kumi."

Candide alichukua mfuko wake, akasimama kidogo mbele ya kioo.

"Na akifika Carama kabla hatujamaliza?"

"Hajavuka mfereji," Bahizire akasema, akaandika namba ya mwisho daftarini.