Kiti Kando ya Dripu

Kifuko cha nyongo kilikuwa kimeshatolewa, pamoja na mawe yake. Maumivu yalizuiwa kwa dripu ya dawa ya ganzi, ile ile ambayo daktari wa meno huichoma kwenye fizi, ila hii ilipita mshipani, polepole. Ikizidi mwilini ni hatari, na dalili zake huanzia mdomoni na masikioni. Kwa hiyo muuguzi aliweka kiti kando ya kitanda cha mzee, fundi wa mashine ya kusaga, akawa anamuuliza kila mara.

"Midomo inakufa ganzi, baba?"

"Bado inasema."

"Masikio yanavuma?"

"Haya yanavuma tangu nianze kusaga mahindi, mwanangu. Uliza jingine."

Muuguzi akacheka. Mzee akageukia ukutani, asionekane alivyofurahi. Tangu afiwe na mkewe, hakuna aliyemuuliza habari za mdomo wake. Asubuhi binti yake alikuwa amepiga simu kutoka nchi ya mbali, naye akajikaza kiume: "Usijisumbue. Watu wamejaa hapa mpaka wanakaa kitandani."

Mchana midomo ikaanza kumchonyota, ulimi ukapata ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba spana. Alijua maana yake. Alijua pia kwamba dripu ikifungwa, kiti kitahama.

"Midomo?"

"Salama."

Kitanda kikaanza kumyumbia. Akamwaza binti yake akipigiwa simu na mtu asiyemjua.

"Mwanangu, nimekudanganya. Mdomo umekufa, na ninalamba chuma."

Muuguzi alifunga dripu, akamwita daktari, kisha akamshika mzee mkono, macho yakiwa kwenye mashine ya moyo.

"Ungeniua kwa presha, baba. Kwa nini ulificha?"

"Ungeondoka."

Muuguzi alikaa mpaka midomo ikaamka. Kisha mzee akapewa vidonge vya maumivu badala ya dripu, na kiti kikapelekwa kwa mgonjwa wa mlangoni. Maumivu yakarudi chini ya mbavu taratibu, kama mgeni anayeijua njia.

Jioni simu ikalia.

"Baba, uko na nani hapo?"

Mzee akatazama pale kiti kilipokuwa.

"Sina mtu, mama. Tangu jana."

Akadhani mtandao umekatika. Kisha, ndani ya simu, katikati ya mvumo wa masikio yake, akasikia kiti kikivutwa sakafuni, na binti yake akiketi.

"Haya, baba. Niambie. Panauma wapi?"