Diski Chini ya Meza ya Joto

Mtambo wa kufuma ulisimama ghafla katikati ya mchoro, kwenye mawimbi ya mto. Kinue alikuwa amekanyaga ubao, uzi wa fedha uko tayari mkononi, akisubiri nyuzi za mtande zinyanyuke kama zilivyonyanyuka asubuhi nzima. Hazikunyanyuka. Akageuka kuitazama kompyuta kuukuu iliyokaa pembeni ya mtambo na kuuongoza, ile ambayo marehemu baba yake aliinunua wakati wafumaji wengine wa mtaa wa Nishijin bado walikuwa wanatoboa kadi za karatasi ngumu za kuongoza mitambo yao. Skrini ilikuwa nyeusi, na katikati yake mstari mmoja wa maneno meupe: diski haionekani.

Alizima, akawasha. Diski haionekani. Akachomoa kebo nene iliyounganisha kompyuta na kisanduku cha diski, akaipuliza, akairudisha. Maneno yakabaki pale pale.

Ndani ya kisanduku kile kulikuwa na mchoro wa mwisho wa mama yake, Bi Fusa: mwezi, matete, mto, na bata bukini wanaotua majini. Bi Fusa aliuchora nukta kwa nukta kwenye skrini ile ile, akishindana na macho yaliyokuwa yanazima, na alipoweka nukta ya mwisho hakuona tena. Diski laini za akiba zilikuwa zimeota ukungu. Na mshipi wa kimono uliokuwa nusu mtamboni ulikuwa wa Bi Ikuko, mwalimu wa ngoma za kale, ambaye angeuvaa mwisho wa mwezi katika ngoma yake ya kuagana na jukwaa. Bi Ikuko na Bi Fusa walikuwa marafiki tangu usichana.

Kinue akawapigia mafundi. Wa kwanza alicheka. Wa pili alimshauri aipeleke makumbusho. Akabaki ameshika simu, akijua ni nani aliyebaki, na akijua pia kwamba jina la mtu huyo halitajwi katika nyumba ile.

"Dada?" sauti ilisema kutoka Osaka. "Mama amefariki?"

"Mama mzima. Diski ndiyo imekufa."

Kisha Tadaaki akasema haraka haraka, "Usiiwashe tena. Umenisikia? Kila ukiiwasha unaimaliza. Nakuja kesho."

Tadaaki alikuwa mdogo wake. Yeye na baba yao ndio walioufunga mfumo ule, akiwa bado mwanafunzi. Halafu baba akafa, na Tadaaki akanakili mchoro mmoja wa mama yake, korongo wanaocheza thelujini, akauuza kwa kampuni ya vifaa vya watalii. Bi Fusa aliwakuta korongo wake kituo cha treni, wamechapwa kwenye mikoba ya plastiki inayoning'inia kwenye ndoano. Alirudi nyumbani akamwambia mwanawe atoke, na asikanyage tena.

Kesho yake Kinue alimpokea uani, kabla hajafika mlangoni. Kichwa kilikuwa kimeanza mvi. Begani alikuwa na begi la vifaa.

"Sikiliza," Kinue alinong'ona. "Humu ndani huna jina. Wewe ni fundi, na fundi huyo ana mafua, sauti imemkauka. Ukifungua mdomo tumekwisha."

"Na chafya ikinijia?"

"Piga chafya ya mtu mwingine. Na jambo la pili, Tada. Kitakachotoka kwenye diski ile hakitoki mlangoni na wewe."

Tadaaki alitazama viatu vyake. "Bila kunakili hakuna kuokoa, dada. Nimekuja na kisanduku kidogo chenye kadi, kinajifanya diski. Lazima kila kitu kihamie humo."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia."

Bi Fusa alikuwa amekaa chumba cha ndani kwenye meza ya joto, ile yenye hita chini yake, blanketi limemfunika miguu, anamenya chenza. Aliinua uso mtupu kuelekea mlangoni. "Nani?"

"Fundi, mama."

"Hana salamu?"

"Sauti imemkauka, mama. Mafua."

"Maskini. Mpe tangawizi." Akatia kipande cha chenza mdomoni. "Fundi, taratibu na mashine hiyo. Aliyeifunga ni mwanangu wa kiume. Mwizi yule, lakini mikono alikuwa nayo."

Kinue hakuthubutu kumtazama ndugu yake. Alimsukuma mpaka karakana, akauvuta mlango wa karatasi.

Tadaaki hakutaka soketi ya karakana, kwa kuwa mota ya mtambo ilitumia umeme huo huo. Akavuta waya mrefu kutoka chumba cha ndani, ukapita chini ya mlango. Kisha akainamia kisanduku, akaweka sikio, akawasha mara moja tu. Taa ya kijani iliwaka. Ndani kukasikika tik, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, basi. Akazima upesi.

"Haizunguki," akanong'ona. "Mafuta yake yameganda na baridi hii. Lazima ipate joto, lakini la polepole. Ukiiweka kwenye jiko unaiua."

Wote wawili walifikiria kitu kimoja. Katika nyumba nzima, joto la polepole lilikuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo pana mwenyewe.

Kinue aliifunga diski kwa taulo, akapiga magoti kando ya mama yake akijifanya anatandaza blanketi, akaisukuma chini ya meza. Mguu wa Bi Fusa ukaigusa papo hapo.

"Nini hiki?"

"Mtungi wa maji ya moto, mama. Kuna baridi leo."

"Mtungi wenye pembe?"

"Wa kisasa."

"Siku hizi kila kitu kina pembe," alisema Bi Fusa, akaweka nyayo zake zote mbili juu ya mchoro wake mwenyewe.

Walisubiri. Tadaaki alikaa karakana akisafisha pini za kebo kwa spiriti na mswaki. Zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Kinue alitazama mikono ile na hasira yake ikakosa mahali pa kukaa. Ilikuwa mikono ya baba yao, hata namna ya kukunja kidole cha mwisho.

Diski ilipotoka chini ya meza ilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka kutagwa. Tadaaki akairudisha kwenye kisanduku chake cha zamani. Akawasha. Tik. Tik. Halafu kitu kikaachia, na mvumo ukapanda taratibu, kama nyuki ndani ya chungu, mpaka ukatulia. Kinue alijiziba mdomo kwa kiganja.

Lakini skrini ikasema: diski haionekani.

"Si inazunguka!"

"Inazunguka, ila yenyewe na kompyuta haziongei." Tadaaki alishaanza kuchomoa na kuchomeka. Akabadilisha kebo. Haionekani. Akaibadilisha namba ya diski kwa swichi iliyo nyuma ya kisanduku. Haionekani. Jasho lilimtoka katika baridi ile. "Siwezi kuizima sasa. Ikisimama huenda isiamke tena."

Akapapasa nyuma ya kisanduku mpaka mwisho wa kebo, ambako kulikuwa na kizibo kidogo chenye pini nyingi. Kazi ya kizibo kile ni kuinyamazisha ishara ikifika mwisho, isirudi kama mwangwi na kuvuruga maneno mengine. Akakichomoa, akakipasua kwa kisu. Ndani, kimguu kimoja chembamba kilikuwa kimekatika.

"Hiki hapa," alisema. "Mshenzi wewe."

Akawasha pasi ya kulehemu. Moshi wa utomvu wa kulehemea ukajaa karakana. Kinue alishika kizibo kwa koleo, na koleo likatetemeka. "Tulia, dada." "Nimetulia!" "Basi nyumba ndiyo inayotetemeka." Risasi ikayeyuka, ikang'aa, ikaganda. Alipokirudisha kizibo, skrini iliwaza kidogo, kisha majina yakatokea moja chini ya jingine, kama Bi Fusa alivyoyaandika: mwezi, matete, mto, bukini.

Tadaaki akaanza kunakili kwenye kile kisanduku kidogo chenye kadi. Mwezi ukapita. Matete yakapita. Mto ukaanza, na mvumo wa diski ukaanza kuyumba, ukipanda na kushuka. Hawakupumua wala hawakusikia blanketi likisukumwa kando katika chumba cha ndani, wala mlango wa karatasi ukiteleza.

"Kuna harufu ya kulehemu," alisema Bi Fusa, fimbo mkononi, mguu wake mmoja umeshanasa kwenye waya wa umeme. "Mnachoma nini humu?"

"Mama, simama! Waya!"

Ilikuwa sauti ya Tadaaki. Kila mmoja aliisikia, hata mwenyewe.

Bi Fusa alisimama. Rangi ilimtoka usoni polepole. Kisha akainama, akapapasa sakafuni, akaukamata waya, akauzungusha mkononi kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe.

"Kinue. Umemleta wewe?"

"Mimi, mama."

"Ukanidanganya."

"Nilikudanganya."

"Na huyu anafanya nini na kazi yangu?"

Kinue alifungua kinywa, lakini Tadaaki akamtangulia. "Nainakili."

"Umezoea." Waya ulikazika. "Nikivuta?"

"Itasimama. Na nadhani haitaamka tena. Mto utapotea, na bukini wote."

"Bora wapotee kuliko nikutane nao kituo cha treni."

Diski ilivuma, ikasita, ikavuma. Kinue aliuona mshipa wa shingo ya mama yake ukipiga. Alijua angeweza kumfikia kwa hatua moja na kumnyang'anya waya ule. Mama alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Hakwenda. Akasema tu, "Mama, Bi Ikuko anangoja."

Halafu Bi Fusa, bila kuulegeza mkono, akauliza, "Imefika wapi?"

"Mto unamalizika," alisema Tadaaki. "Pale kwenye jiwe."

"Jiwe lenye kivuli cha zambarau?"

"Hilo hilo."

"Sasa?"

"Mto umepita. Bukini wanaanza. Wa kwanza… wa pili…" Sauti ikamkauka kweli sasa. Ndani ya kisanduku kulitoka mkwaruzo, kama ukucha juu ya sahani. Mkwaruzo mwingine. Kisha mvumo ukashuka, ukashuka, ukaisha. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka, wala hakuna aliyevuta waya.

"Imekwisha," alisema. "Wamepona wawili. Waliobaki wamekwenda."

Bi Fusa akauachia waya ukaanguka. Alinyoosha mkono. "Iko wapi nakala?"

Tadaaki akachomoa kadi, akamwekea kiganjani. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaigeuza. "Kidogo hivi? Ndiyo maana wizi ni rahisi."

"Mama—"

"Wale korongo wako wa plastiki. Walitiwa miguu myekundu."

"Niliwaambia ni myeusi, mama. Hawakunisikia."

"Uliwaambia?"

"Mara nyingi."

Bi Fusa alisimama na kadi ile kiganjani. Kinue hakuweza kusoma kitu usoni mwake. Mwishowe mama akaurudisha mkono mbele, kadi juu yake. "Irudishe. Kaa kwenye vitufe. Kinue, nipeleke mtamboni."

Akaweka vidole juu ya kitambaa kilichokwisha fumwa, akapima upana wa wimbi, urefu wa tete, akihesabu nyuzi kwa ncha za kucha. Kisha akaanza kusema, nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, na Tadaaki akabonyeza. Alipokosea, mama aliligundua kosa katika mdundo wa vitufe vyake. "Umeruka moja. Umeruka, usibishe." Kuna mahali alisahau kabisa, akapapasa kitambaa tena na tena mpaka Kinue akaingiwa na hofu, kisha akasema, "Bukini wa mwisho sikumpenda hata wakati ule. Alining'inia kama nguo kwenye kamba. Afadhali amekufa. Tumchore mwingine."

Iliwachukua siku kadhaa. Tadaaki alilala chumba cha juu, akapiga simu dukani kwake Osaka kusema atachelewa, na mama na mwana hawakuzungumza jambo lolote lisilokuwa nukta. Tadaaki hakuomba msamaha; wala mama hakumdai. Mara moja tu, Kinue alipoleta chai, aliwakuta wanabishana kuhusu rangi ya mdomo wa ndege kwa sauti za juu, kama watu ambao hawajawahi kuachana.

Diski waliiwasha tena mara moja, kwa majaribio. Haikutoa hata tik.

Mshipi ulikamilika siku moja kabla ya ngoma. Mstari mmoja wa bawa ulikuwa na kosa, uzi wa kijivu mahali pa mweupe, na hakukuwa na muda wa kuufumua. Bi Ikuko aliuvaa hivyo hivyo. Kinue aliketi safu ya nyuma na mama yake, akimnong'oneza mwalimu anageuka upande gani. Tadaaki hakwenda. Alibaki karakana, ametandaza sakafuni michoro mingine ya mama, ya karatasi, ya tangu kabla ya kompyuta, ile ambayo haijawahi kuingia kwenye kadi yoyote, akingoja warudi aulize aanze kunakili upi.